Umeme Uliosafiri kwa Baiskeli

Kabla nguzo hazijaenea mitaani, umeme wa Kibaoni, Ifakara, ulisafiri kwa baiskeli. Ulikaa ndani ya betri ya gari iliyofungwa kwenye keria kwa mipira ya tairi, na mwenye baiskeli alikwenda taratibu, akikwepa mashimo, asidi isije ikamtoboa suruali. Asubuhi betri zilipelekwa kuchajiwa kwa mwenye jenereta au kwa yule aliyebahatika kuvutiwa waya. Jioni zilirudi nyumbani. Betri moja iliendesha redio kaseti, iliwasha taa ya dukani, ilionyesha mpira kwenye TV ndogo ya chogo isiyo na rangi, na simu zilipoingia miaka ya 2000 ikabebeshwa na mzigo wa kuchaji simu za mtaa mzima.

Mgeni angeshangaa, maana bonde hili la Kilombero halijawahi kukosa umeme wa kuwapa wengine. Kidatu, kwenye Mto Ruaha Mkuu, mitambo ilianza kuzalisha mwaka 1975 na ikakamilika 1980, mashine nne zenye jumla ya megawati 204. Upande wa pili, kwenye mteremko wa Udzungwa, Kihansi ya megawati 180 iliingia kazini mwaka 1999 na 2000. Ndiyo Kihansi ile ya chura mdogo wa njano aliyewahangaisha wanasayansi wa dunia nzima. Waya za kilovolti 220 zinazounganisha mitambo hiyo miwili zilipita bondeni juu ya vichwa vyetu, na chini yake sisi tulikuwa tunafunga betri kwenye keria. Umeme wa msongo ule hauchotwi kama maji ya mtoni. Unataka kituo cha kupoza, na kituo ni pesa nyingi. Kwa hiyo tuliutazama ukipita.

Mjomba wangu alikuwa fundi redio. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mbao na mabati kando ya barabara, kwenye njia ya magari yatokayo Kidatu kuingia Ifakara. Nilipelekwa kwake kushika tochi na kufagia vipande vya waya, kama wanavyopelekwa watoto wengi kwa wajomba zao, na ndani ya kibanda kile nilielewa kwa nini betri ya mtu mmoja ilikaa kutwa nzima na ya jirani yake, ya ukubwa uleule, iliishiwa nguvu kabla ya adhuhuri.

Redio kaseti nyingi za wakati ule zilitaka volti 6 au 9. Betri ya gari iliyojaa hutoa 12 na ushee. Kati ya hizo mbili, mjomba aliweka regileta ya miguu mitatu: 7806 kwa redio ya volti 6, 7809 kwa ya volti 9, na simu zilipokuja, 7805. Tarakimu mbili za mwisho ndizo volti zinazotoka. Mguu wa kwanza unapokea, wa katikati unakwenda ardhini, wa tatu unatoa. Ukiingiza 12, zinatoka 5 zilizonyooka, na betri ikishuka hadi 11 bado zinatoka 5 zilezile. Ni kifaa kizuri, bei yake ndogo, hakina kelele, na mpaka leo sijaacha kukitumia pale kinapostahili.

Ubaya wake ni jinsi inavyoipata hiyo 5. Mkondo wote unaokwenda kwenye simu hupita mwilini mwa regileta, na zile volti 7 zilizozidi inazigeuza joto. Haizihifadhi, wala haizirudishi kwenye betri, inazichoma. Chukua simu kumi, kila moja ikinywa ampea 0.4. Jumla ni ampea 4. Zidisha kwa volti 7: wati 28 za joto, ili simu zipate wati 20. Yaani zaidi ya nusu ya umeme uliopandishwa kwenye keria na kulipiwa kwa mwenye jenereta uliishia kwenye bati. Bati lenyewe mjomba alilikata kutoka kwenye mifuniko ya sufuria za alumini zilizochakaa, akazifunga regileta zake hapo kwa skrubu. Kufikia saa sita mchana huwezi kulishika. Wati 28 ndizo za pasi yetu ya kulehemu: ilikuwa kama umeiacha pasi inawaka kutwa bila kulehemu kitu.

Jirani yetu alikuwa mama mmoja mwenye kibanda cha vocha, na kuchaji simu ndiko kulikomlipia kodi ya kile kibanda. Alikuwa na betri ya N50, ya ampea-saa 50. Ukitaka betri ya namna hiyo iishi, usiikaushe kupita nusu, kwa hiyo alikuwa na ampea-saa 25 za kufanyia biashara. Kwa ampea 4, ni saa sita tu. Akifungua asubuhi, mchana betri imeshakata na wateja wa jioni, wale wanaotoka shamba na simu zilizozimika, wanamkuta hana kitu.

Alikuja siku moja na sauti ya mtu aliyeibiwa.

"Fundi, hii betri mmenibadilishia?"

"Shikamoo mama," nikasema mimi, maana mjomba alikuwa ameuma waya mdomoni.

"Marahaba mwanangu. Mwambie mjomba wako anirudishie betri yangu."

Mjomba aliutoa ule waya. "Betri ni yako ileile, mama. Inayokula umeme ni hii," akagonga bati kwa bisibisi. "Inachemka bure. Nipe muda kidogo nikutafutie dawa."

Dawa ilitoka Kariakoo, ndani ya mfuko wa nailoni: chaja za gari, zile za kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Zilikuwa nyepesi mno hata nikadhani ni maganda matupu. Mjomba alifungua moja kwa ukucha. Ndani mlikuwa na bodi fupi kama kidole gumba, na juu yake aisii ya miguu minane iliyoandikwa 34063, koili ndogo iliyozungushiwa waya wa shaba, dayodi moja, kapasita mbili za mtungi na risista chache. Bati la kupoza joto hakuna. Alichomeka simu, akaiacha ichaji, kisha akanishika kidole akakiweka juu ya aisii. Ilikuwa vuguvugu tu.

Nilimuuliza zile volti 7 zimekwenda wapi. Ifakara ni mji wa baiskeli, na jibu lake lilikuwa la baiskeli.

"Tuseme unataka kwenda Mang'ula kwa mwendo mmoja, usiozidi. Njia ya kwanza, unakanyaga pedeli kwa nguvu zako zote huku umeshika breki. Mwendo utaupata, lakini utafika hoi na breki zimeungua. Hiyo ni 7805. Njia ya pili, unakanyaga, unaacha, baiskeli inaserereka yenyewe. Ikitaka kupoa unakanyaga tena. Ukibeba gunia la mpunga, unakanyaga mara nyingi zaidi. Breki hugusi. Hiyo ndiyo swichingi."

Nimesoma vitabu kadhaa tangu siku ile na sijakutana na maelezo yaliyonikaa vizuri zaidi, maana kila kipande cha mfano kina mwenzake kwenye bodi. Mguu unaokanyaga na kuacha ni transista iliyo ndani ya aisii. Uzito wa baiskeli, ule unaoifanya isisimame papo hapo ukiacha kukanyaga, ni koili.

Koili ndiyo yenye siri. Tabia yake ni kukataa mabadiliko ya ghafla ya mkondo. Transista ikiunganisha, betri inasukuma, na mkondo ndani ya koili unapanda kidogo kidogo. Koili inajiwekea akiba ya nguvu kwenye usumaku wake. Transista ikikata, koili haikubali mkondo usimame, inaendelea kuusukuma kwa akiba ile, na dayodi inafungua njia ili mkondo uzunguke kurudi. Hapo betri imepumzika kabisa lakini simu bado inapokea. Kisha transista inaunganisha tena. Mchezo huu unarudiwa makumi elfu ya mara kwa sekunde, na kapasita iliyo mwishoni inalainisha mawimbi mpaka simu inaona volti 5 tulivu. Kutoka 12 kwenda 5, transista inahitaji kuunganisha kama asilimia 42 ya muda, na zaidi kidogo kwa sababu ya hasara. Betri ikishuka, inaunganisha kwa muda mrefu zaidi.

Na inajuaje? Mjomba alinionyesha risista mbili karibu na mguu wa tano wa aisii, moja ya kilo-omu 3.6 na nyingine ya 1.2. Zinagawa volti zinazotoka sehemu nne na kurudisha sehemu moja kwa aisii. Aisii ina kipimo chake cha ndani, volti 1.25, ambacho hakibadiliki. Ikiona kinachorudi kimeshuka chini ya 1.25, inakanyaga, kikifika, inaacha. Nne mara 1.25 ni 5. Ukibadilisha risista moja unapata 6 kwa redio, au 9. Kwa mtoto wa shule aliyeambiwa kila siku kwamba hisabati ni ya kupasi mtihani, hesabu ile ya risista mbili ilikuwa kama kuoneshwa mlango.

Suala la joto nalo lina hesabu yake. Joto la transista ni volti zilizobaki kati ya miguu yake mara mkondo unaopita humo. Ikiunganisha sawasawa, mkondo ni mkubwa lakini volti zilizobaki ni kidogo mno. Ikikata, volti zote ziko pale lakini mkondo ni sifuri. Kokote uliko, jibu la kuzidisha ni dogo. Hasara inabaki kwenye ile nukta ya kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine, kwenye dayodi, na kwenye waya wa koili. Regileta ya miguu mitatu, kinyume chake, inaishi katikati maisha yake yote: volti nusu, mkondo wote.

Mama wa vocha alifungiwa chaja kumi kwenye ubao, kila simu na yake. Wati 20 za simu sasa zilitaka kama wati 25 kutoka kwenye betri, yaani ampea 2 na kidogo badala ya 4. Betri ileile ya N50 ikafika jioni. Wiki iliyofuata alituletea ndizi mzuzu na wateja wawili.

Lakini haikuwa neema tupu. Mbele ya kibanda cha yule mama kulikuwa na mzee muuza mkaa mwenye redio yake ya masafa ya kati, na Jumamosi ya Simba na Yanga redio ile iliunguruma kutoka filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Kukata na kuunganisha mkondo kwa kasi ile ni sawa na kutangaza. Kila chaja ilikuwa kituo kidogo cha redio chenye kipindi kimoja, cha mngurumo. Mzee alikuja kwetu anatweta. Mjomba alifupisha waya, akaongeza kapasita kwenye njia ya kuingilia, akaufunga ubao ndani ya debe la bati lililounganishwa na hasi ya betri. Mngurumo ulipungua, haukuisha. Mzee alihamisha redio upande wa pili wa barabara na heshima kati yetu ikabaki. Watengenezaji wa chaja za bei rahisi mpaka leo wanaanza kubana matumizi kwenye vichujio vya kelele, kwa sababu mnunuzi havioni.

Nilidhani tumepata kitu kipya kabisa duniani. Baadaye nikajua kwamba mbinu hii ilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi. Setilaiti za miaka ya 1960 ziliitumia, kwa kuwa angani huna umeme wa kuchoma wala uzito wa kubeba. Mwaka 1976 kampuni ya Silicon General ya Marekani ilitoa SG1524, aisii iliyokusanya kazi zote za udhibiti mahali pamoja, na mwaka 1977 kompyuta ya Apple II ikauzwa na pawa saplai ya swichingi aliyoibuni Rod Holt. Mashabiki wa Apple hupenda kusema kwamba mapinduzi yalianzia hapo. Si kweli, wengine walikuwa tayari wanauza. Kilichobadilika miaka ile ni transista kuwa za kasi, zenye kuhimili volti kubwa, na za bei ambayo hata mtengenezaji wa TV angeweza kulipa. Chaja ya Kariakoo ilikuwa mjukuu wa vitu hivyo.

Kisha nguzo zikaja. Ziliongezeka polepole, na zaidi baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007. Baiskeli zenye betri zikapungua barabarani, na kwenye meza ya mjomba zikajaa TV za chogo za rangi, dekki, na baadaye ving'amuzi. Wateja wengine walitoka Ulanga, wakivuka Mto Kilombero kwa pantoni na TV imefungwa kwenye kitenge, miaka ile kabla ya daraja la mita 384 lililozinduliwa 2018. TV iliyovuka mto kwa namna ile hukuweza kumrudishia mtu bila kuijaribu mpaka usiku.

Humo ndani nilikutana na koili yangu tena, safari hii katika umbo la hatari. Chaja ya gari inacheza na volti 12. Pawa saplai ya TV inaanza na 230 za ukutani, inazinyoosha kwa dayodi nne, na kuzijaza kwenye kapasita kubwa. Hapo zinafika 325 hivi za moja kwa moja. Transista inazikatakata na kuzipitisha kwenye transfoma ndogo ya feriti, inayoingia kiganjani, ilhali transfoma ya chuma ya nguvu hiyohiyo kwa umeme wa hezi 50 ingekuwa na kilo mbili na zaidi. Kadiri unavyokata kwa kasi, ndivyo kila mkupuo unavyobeba mzigo mdogo, na transfoma ndogo inatosha. Upande wa pili zinatoka volti za kila namna TV inazozitaka. Taarifa ya kama zimezidi au zimepungua inarudi kwa mwanga: kijidude cheusi cha miguu minne chenye taa ndogo upande mmoja na jicho upande mwingine, ili upande wa ukutani na upande anaoushika mtu visiguswe na waya mmoja.

Mjomba alikuwa na sheria mbili za pawa saplai. Ya kwanza, mkono mmoja uwe mfukoni unapopima upande wa 325, na usiamini kwamba kuchomoa plagi kumemaliza kazi. Ile kapasita kubwa hushika umeme wake hata TV ikiwa imelazwa mezani bila waya, mpaka uimwage kwa balbu au risista kubwa. Ya pili, TV yoyote iliyofunguliwa huwashwa kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 100 iliyoungwa kwa mfululizo. Balbu ikimulika mara moja kisha ikafifia, endelea. Ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, ujue kuna kitu kimeungana ndani, na ni balbu iliyookoa transista yako mpya.

Ugonjwa wa kawaida ulikuwa mmoja. TV inatoa sauti ya tik, tik, tik, taa nyekundu inawaka na kuzima, picha haiji. Ukigeuza bodi unakuta kapasita ya mtungi imevimba kichwa, au imenyooka tu lakini imekauka ndani. Kapasita iliyokauka hailainishi tena. Kinachorudi kwa aisii ni fujo, nayo kwa kujilinda inazima na kujaribu upya, bila kuchoka. Bonde la Kilombero lina joto, TV za watu ziliwekwa kabatini na kufunikwa vitambaa vya kushonwa, na joto ndilo linalokausha mitungi ile. Kapasita ya bei ya soda ilirudisha TV nyingi kuliko kifaa kingine chochote karakanani.

Umeme mdogo ndio ulionifundisha nguvu ya swichingi kuliko vitabu. Umeme wa Ifakara ulikuja kwa laini ndefu ya kilovolti 33 kutoka Kidatu, na laini ikiwa ndefu na watu wakawa wengi, mwishoni mwake volti hushuka. Usiku, kila nyumba ikishawasha, mita yetu ilisoma 170, na kuna nyakati ilisoma 150. Taa za tyubu zilikuwa zinapepesa bila kuwaka. Friji zilinguruma bila kugandisha, na motor ziliungua. Redio za transfoma zilitoa sauti ya mtu aliyelala. TV ya swichingi? Inaonyesha kama kawaida, maana nyuma yake pameandikwa 100 hadi 240, na yaliyoandikwa ni kweli: umeme ukipungua, transista inaunganisha kwa muda mrefu zaidi, basi. Niliwaona watu wakinunua stabilaiza kwa ajili ya TV isiyoihitaji, na friji iliyoihitaji ikichomekwa ukutani hivihivi.

Kuna upande mwingine wa jambo hilo ambao mafundi wengi hawauzungumzi. TV ya wati 60 ikitaka wati 60, itazichukua tu. Kwa volti 230 inavuta ampea 0.26, kwa 150 inavuta 0.4. Yaani umeme ukipungua, kila TV mtaani inavuta zaidi, na laini iliyolemewa inazidi kulemewa. Balbu za zamani zilifanya kinyume, zilififia zikavuta kidogo, zikawa kama zinawahurumia wenzao. Mtaa uliojaa swichingi hauna huruma hiyo. Dawa ya kweli ilikuwa kuleta msongo mkubwa karibu, na ndiyo maana naona kituo cha kupoza umeme cha Ifakara, cha kilovolti 220 kwa 33, kilichojengwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, ni jambo kubwa kwa mji huu kuliko sherehe za kukizindua. Waya zile zilizokuwa zinapita juu yetu hatimaye zimeteremshwa.

Mjomba sasa hashiki pasi. Macho yamechoka na mkono unatetemeka kidogo. Wateja wangu mimi ni wa sola: wakulima na wafugaji wa Mngeta, Chita na Mlimba, ambako nyumba nyingi ziko mbali na nguzo. Mezani nina bodi ndogo za LM2596, miguu mitano, mikato 150,000 kwa sekunde, ampea 3 kwa yaliyoandikwa na 2 kwa ninavyomshauri mtu mwenye akili. Namfungia mteja taa, redio na tundu la simu kwenye betri moja, na hakuna bati linaloungua.

Kwenye sola mambo yamegeuka: sasa koili inalinda paneli. Paneli ya wati 100 hutoa nguvu zake zote ikiwa kwenye volti 18 hivi na ampea 5.5. Ukiiunga moja kwa moja na betri, betri inaivuta ishuke hadi 12.5, na unapata ampea zilezile 5.5, wati 69. Karibu theluthi nzima imebaki juu ya bati la nyumba. Vidhibiti vya kawaida, vile vinavyoitwa PWM, ndivyo vinavyofanya hivyo: vinakata na kuunganisha, ndiyo, lakini havina koili ya kuhifadhi tofauti. Kidhibiti cha MPPT kinaiacha paneli ikae kwenye 18 yake na kushusha volti kwa koili, kama chaja ya mama wa vocha ilivyofanya, na betri inapata ampea 7 na nusu. Nisiwadanganye: mchana wa Kilombero paneli ikipata joto kali, volti zake hushuka, na faida hiyo inaweza kubaki chini ya asilimia 20. Asubuhi yenye baridi ndipo inapokuwa kubwa.

Na hapo ndipo wauzaji walipoona mwanya. Sokoni kuna vidhibiti vingi vimeandikwa MPPT kwa herufi kubwa, bei yake karibu sawa na vya kawaida, na ndani ni vya kawaida. Mkulima anauza gunia la mpunga, ananunua jina. Usihangaike na maandishi wala na taa za rangi. Kishike kwanza mkononi, maana cha kweli kina uzito. Kisha mwombe muuzaji bisibisi, fungua kifuniko, tazama kama kuna koili nene ya waya wa shaba iliyozungushwa kwenye feriti. Kama haimo, mrudishie mzigo wake, ukadai pesa yako.